Pale Unaponyamaza Katika Sala

Neema mwanangu,

Bibi yako Koko hakukunyang'anya mikononi mwangu. Ni mimi mwenyewe niliyekuacha kwake, wewe na mdogo wako, nikapanda meli nikaenda kwetu na kukaa huko miezi kumi na minne. Yale mengine niliyokusimulia tangu ukiwa mdogo niliyatunga.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu jana nilianza barua hii mara mbili, na mara zote mbili nilijikuta nimejaza ukurasa mzima kwa habari za kikohozi changu. Mtu mwenye jambo la kuficha huwa na maneno mengi. Sasa limeshaandikwa, siwezi kulifuta, na karatasi zilizobaki hazitoshi kuanza upya.

Ni saa tisa alasiri. Umekwenda kuwaaga majirani, na kwa jinsi watu wa hapa Magoudjou wanavyojua kumkalisha anayeaga, najua nina muda. Daudi amelala kibarazani na redio kifuani. Barua hii nitampa yeye akukabidhi kesho uwanja wa ndege, unapopita pale ambapo huwezi kurudi nyuma kunigombeza. Utaisoma angani. Ndege ile ndogo inakwenda Ndzuani, kisiwa cha baba yako, kwa muda wa kutosha kusoma kurasa chache na kulia kidogo, kama utataka.

Sitakuambia ule vizuri, wala uanike shuka zako juani, wala usikae na viatu vilivyolowa. Hayo nimekuambia miaka ishirini na mbili, hukuyasikiliza hata siku moja, na umekua. Daktari naye amenieleza habari za moyo wangu kwa Kifaransa cha polepole, kama anayesema na mtoto. Nimemwelewa. Kwa hiyo na tuseme yaliyobaki.

Nisingeandika kama si mazungumzo yetu ya juzi, tulipokuwa tunakunja nguo zako. Nilikuuliza, "Umemjibu Koko kuhusu chumba cha juu?"

"Nimepata chumba Mirontsy, Mama. Teksi za Hombo zinapita mlangoni, hospitali ninayokwenda kufanya kazi ni karibu."

"Lakini amekipaka chokaa kwa ajili yako."

"Basi alale humo mwenyewe."

Daudi alikuwa anakula. Akasema, "Dada, bibi ana miaka themanini na ushee. Ngazi zile atazipanda na nani?"

"Wewe nyamaza. Ulikuwa na miaka miwili, hukuona kitu." Kisha ukanigeukia, na sauti yako ikawa laini, ile unayoitumia kwa wagonjwa. "Mtu aliyemnyang'anya mama yangu watoto kwa sababu anasali, mimi silali kwake. Nikikutana naye njiani nitamsalimia, basi. Nafanya hivi kwa ajili yako."

Kwa ajili yangu. Nililikunja gauni lile lile mara tatu, hukuona.

Ninachoogopa, Neema, ni kwamba Koko hatajitetea. Utampita njiani na salamu yako kavu, naye ataitikia na kuendelea na safari yake, na atakufa hivyo. Miaka kumi na minane amekuwa na nafasi ya kumwambia Daudi kila likizo, "Mama yenu ndiye aliyewaacha." Hajasema. Wanawe hawajasema, kwa sababu yeye amewakataza. Anaitunza siri yangu vizuri kuliko ninavyoitunza mimi.

Basi nianzie mwanzo.

Unajua kwamba nilizaliwa karibu na Muheza, binti wa mpishi wa misheni, na kwamba nilisomeshwa mpaka nikawa mwalimu. Unajua kwamba baba yako alikuwa fundi cherehani mjini Tanga, Mngazija kwa jina la watu wa kule, ambao humwita kila mtu wa visiwa hivi Mngazija, ingawa yeye alikuwa wa Mutsamudu, Ndzuani, na neno hilo lilimuudhi mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa akishona sare za shule yetu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuacha kuniombea mume. Yeye alikuwa Mwislamu, mimi Mkristo, na tulikubaliana jambo moja tu: watoto tutawapa majina yasiyogonga ukuta kwenye mlango wowote. Neema. Daudi. Ulizaliwa Tanga, nikiwa na miaka arobaini na moja, na wakunga walikuja kunitazama kama wanaotazama ajabu.

Visiwa vilipopata uhuru, baba yako akasema turudi kwao. Njiani alinifundisha neno moja. "Ukimwona mama yangu, sema *kwezi*. Ndiyo shikamoo yetu." Jibu lake hakunifundisha, hakufikiri kama lina haja.

Nikafika Mutsamudu, nikapita vichochoro vile vya mawe, wewe ukiwa mgongoni. Koko alikuwa ameketi kizingitini, mwembamba, amejifunga shiromani yake nyekundu na nyeupe, uso umepakwa liwa ya manjano wanayoiita msindano. Nikapiga goti kidogo. "Kwezi."

Akanitazama. "Mbona," akasema.

Nilibaki pale nikingoja amalizie. Mbona umekuja? Mbona umezeeka hivi? Mbona Mkristo? Hakumalizia. Asubuhi yake nikamsalimu tena: "Mbona." Siku ya tatu nikaona adabu ni kumjibu. Nikasema, "Kwa sababu mwanao alinioa, mama."

Jikoni shangazi zako wakaangua kicheko, mmoja akamwaga tui lote la chakula cha mchana. Mwingine akasema, "Huyu mwalimu amejibu salamu kama mtihani!" Walinitania kwa hilo mwaka mzima. Baba yako ndiye aliyenieleza, huku akifuta machozi ya kucheka, kwamba *mbona* ya kwao ndiyo marahaba ya kwetu, na *marahaba* ya kwao ni asante. Nikaelewa pia kwa nini Koko kila nilipompa chai alisema "marahaba," nami nikidhani anataka nimpe shikamoo yake kabla hajanywa.

Ni kichekesho, na mimi mwenyewe nimekicheka. Lakini kichwa kilielewa, sikio likakataa. Kila asubuhi ilipokuwa nzito, mtoto amekesha, nguo zimenyeshewa, mimi nilisikia neno lile kwa maana ya Muheza. Nilichagua kuulizwa badala ya kuitikiwa. Ukiniuliza kosa langu la kwanza ni lipi, si lile la meli. Ni hili.

Baba yako akapata kazi ya kushona hapa Moroni, akawa anakuja Mutsamudu kila baada ya miezi. Mimi nikabaki kwa Koko na wewe, na baadaye na Daudi. Nilikuwa na elimu kuliko wanawake wote wa kichochoro kile, na sikuweza kumlaza mtoto. Daudi alikuwa akilia jioni nzima. Nilimwimbia, nikamtembeza, nikamsomea, naye akakaza mgongo kama ubao. Koko alikuwa akitokea mlangoni na kusema neno moja: "Lete." Nampa. Daudi ananyamaza.

Sijui kama utaifahamu hasira ya mama ambaye mtoto wake amenyamazishwa na mtu mwingine. Utaifahamu ukizaa. Inakuja pamoja na nafuu, kwa wakati mmoja, kiasi kwamba hujui unachokilia. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango na maziwa yakinichuruzika, nimefurahi kwamba kelele zimekwisha na nimemchukia aliyezimaliza. Ulipoanguka ukachubuka goti, ulinipita mimi niliyekuwa karibu ukamkimbilia yeye aliyekuwa mbali. Uji wangu uliutema, shelisheli lake lililochemshwa ukalila. Nilihesabu vitu hivyo, Neema. Mtu mzima, mwalimu, nilihesabu.

Kitu kimoja nilikuwa na hakika ni changu. Sala. Mama yangu alitutungia sala ya kulalia, fupi, ya watoto wa mpishi wanaolala wanne kitanda kimoja:

*Bwana Yesu, kaa mlangoni kwetu. Waliolala uwalinde, na kesho utuamshe. Amina.*

Basi. Hakuna zaidi. Nilikuwa nikiwasemea kila jioni mkiwa mmelala, wewe ukutani, Daudi kifuani pangu. Nataka ulikumbuke hili mpaka mwisho wa barua: wewe hukuwa unasema kitu. Kila nilipofika "waliolala," ulikuwa umekwisha kuwa mmoja wao. Nilikuwa nasema na Mungu na ukuta.

Na nyuma ya pazia alikuwepo Koko. Niliona miguu yake. Kila jioni alikuja akasimama pale mpaka "amina," kisha akaondoka. Nilisema moyoni, anapeleleza, atakwenda kunisema kwa shangazi zako na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikapunguza sauti. Miguu ikasogea karibu zaidi.

Asubuhi moja, akichambua mchele, aliniuliza kwa Kiswahili chake alichokipata utotoni alipokaa kwa mjomba wake Unguja, "Mama Neema, huyo Bwana unayemwambia akae mlangoni, ni mlango upi? Maana tunayo miwili."

Nikaona ananidhihaki. Nikasema, "Wa mbele," bila kumtazama.

"Ehe," akasema, akaendelea na mchele. Jioni ile nikaona ameuondoa mtungi mkubwa wa maji uliokuwa umeziba nusu ya mlango wa mbele, ameusukuma peke yake mpaka uani. Nilifikiri anafagia. Ilinichukua miaka kuunganisha mtungi na swali.

Kisha ukaja mwaka 1978. Unajua habari hii kutoka shuleni: mamluki waliteremka hapa Ngazidja alfajiri, na serikali ikaanguka. Mutsamudu tulisikia kwa redio. Shangazi zako walipiga vigelegele, kwa sababu vijana wa serikali iliyoanguka walikuwa wamepiga marufuku harusi zao kubwa; dhahabu iliyokuwa imefichwa ikatoka siku ile ile. Mzungu wa kukodiwa mimi nilimwona mmoja tu, bandarini, ameketi juu ya kreti anamenya chungwa kwa kisu kirefu. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia ukuta.

Lakini askari wa serikali iliyoanguka walikuwa wamefunzwa na watu wa kwetu, na sasa kila mtu wa kwetu alinong'onwa. Watoto wa kichochoro wakanifuata wakiimba, "Mtanzania! Umesahauliwa!" Shangazi yako mkubwa akaniambia, "Mama Neema, sokoni usifungue mdomo, Kiswahili chako kina viatu vya askari." Alikuwa anatania nusu. Nikaogopa yote.

Kila mara nimekuambia kwamba nilikimbia kwa kuwa walikuja kunitafuta. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyeniuliza hata jina. Kulikuwa na Mtanzania mwingine, muuza maandazi wa karibu na bandari. Alibaki, akauza maandazi yake, na wazungu wakanunua.

Ilikuwapo meli ndogo ya mizigo inayokwenda Tanga, na nahodha alikuwa tayari kunichukua na watoto wawili. Siku hizo hizo Daudi akapata surua, akalazwa Hombo, katika hospitali hiyo hiyo unayokwenda kufanya kazi. Ningeweza kuiacha meli ile. Ningeweza pia kukuchukua wewe. Nimekuambia kwamba nilitaka kukuchukua na Koko akakushika. Kweli ni kwamba nilijiambia usimwache mdogo wako peke yake, na chini ya hilo lilikuwapo jingine ambalo sijawahi kumwambia hata padri: nilitaka kutembea mpaka bandarini bila kumbeba mtu.

Koko alikuwa amekaa kitandani pale wodini, Daudi amemlalia mapajani, wewe umemshika pindo la shiromani.

"Meli inaondoka leo, mama," nikamwambia.

"Iondoke."

"Watanikamata."

"Nyumbani kwangu? Kwa mlango upi?"

"Nitarudi mwezi ujao."

Alichovya kitambaa majini akampangusa Daudi midomo. Nikainama nimuage kwa heshima aliyonifundisha mwanawe. "Kwezi, mama."

Aliniangalia muda mrefu. "Mbona," akasema.

Mpaka leo sijui aliitikia salamu au aliuliza.

Kuhusu Muheza nitakuambia kwa ufupi kwa sababu ndiko ninakoona haya zaidi. Sikuteseka. Umekua ukisikia jinsi nilivyolia miezi kumi na minne. Nililia wiki mbili. Baada ya hapo nililala usingizi mzuri. Nilikula chakula changu mpaka mwisho bila kumpangusa mtu pua. Nikapewa darasa, na Jumapili nikafundisha watoto wa kanisani, thelathini na kitu, wenye nywele zilizochanwa na mama zao. Niliwafundisha sala ya mama yangu. Watoto wa watu waliisema vizuri sana. Mwezi wa nne ilipita meli ya kurudi visiwani, nikapelekewa habari, nikasema nina homa. Ilipita nyingine. Baba yako aliandika kwamba mambo yametulia, kwamba Daudi amepona, kwamba unauliza. Nilijibu kwamba nasubiri ruhusa ya kuacha kazi. Sikuwa nimeiomba.

Kilichonirudisha hakikuwa kitu kikubwa. Mtoto mmoja wa darasa langu aliamka usingizini shuleni, akanishika kidole na kuniita mama kwa makosa, akaona aibu. Nikakumbuka kwamba wapo ambao wangeniita hivyo bila makosa. Nikafunga mzigo wiki ile.

Nilifika Mutsamudu jioni, saa ya watoto kulazwa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilisimama nje kwanza, nikasikia jambo ambalo nitakuambia mwishoni, kwa sababu bado mkono haujapata nguvu ya kuliandika. Kisha nikaingia kwa kishindo na kusema, "Unawafanya nini wanangu?"

Koko aligeuka. Hakushtuka. "Karibu," akasema. "Umekonda. Wali umebaki."

Wewe hukunijua. Ulijificha nyuma yake.

Siku ya tatu niliwachukua. Nilimwambia baba yako tunahamia Moroni, kwamba sitalala tena chini ya paa lile. Hapa ndipo lilipo jambo unalolikumbuka kweli, na ambalo nimelitumia vibaya kuliko yote. Umeniambia mara nyingi kwamba unakumbuka mlango, kelele zako mwenyewe, na mkono unaokuvuta kwa nguvu mpaka bega likauma. Nimekujibu kila mara, "Ulikuwa mkono wa Koko, alikuwa hataki kukuachia."

Koko alikuwa amefungua vidole vyake vyote. Aliinua mikono juu, hivi, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Wewe ndiye uliyemng'ang'ania nguo. Mkono uliokuvuta ulikuwa wangu.

Uongo wangu haukuzaliwa siku moja. Tulipofika hapa Magoudjou, jirani aliniuliza mbona mtoto analia jina la bibi. Nikasema, "Alikuwa amemzoea, bibi huyo alinizuia nisimwone." Nilisema hivyo ili jirani aondoke. Kesho yake akaja na mwenzake, akanipa pole. Ile pole ilikuwa tamu, Neema. Nikaongeza kidogo. Mwaka wa pili nikaongeza dini: kwamba alinifukuza kwa sababu ya sala zangu. Baba yako alisikia siku moja akiwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akaniangalia, akasema, "Mama Neema." Hilo tu. Halafu akaendelea kushona. Alinipenda, na alininyamazia, na amezikwa na ukimya huo. Kila likizo alimchukua Daudi akaenda naye kwa mama yake. Wewe ulikataa, na mimi sikukulazimisha. Nilikupikia mkate wa tui siku hizo.

Ulipokua ukachagua kusali nami. Sikukuvuta, baba yako alikubali kwa shida. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na mchanga ndani yake, maana nilijua kwamba katika imani yako nimetia hasira ambayo si yako. Unamshika Yesu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unamsukuma bibi yako. Nakuona. Sitaki uache kusali. Nataka mkono wa pili uwe huru.

Unakumbuka akina mama wale vijana, Wamalagasi na wengineo, tunaokutana nao kwenye kanisa dogo la wageni? Wamezoea kuniuliza jinsi ya kulea watoto katika imani mahali ambapo sisi ni wachache hivi. Mwaka jana waliniomba nizungumze. Nikasimama na fimbo yangu nikawasimulia jinsi nilivyokufundisha sala ya mama yangu ukiwa na miaka minne, na jinsi ulivyoisema bila kukosea. Kisha wakakuomba uiseme, nawe ukaisema kama unavyoisema siku zote:

*Bwana... Yesu, kaa mlangoni kwetu. Waliolala uwalinde, aliye ng'ambo umrudishe, na kesho utuamshe. Amina.*

Mama mmoja akaniambia baadaye, "Mwanao ana heshima. Akifika kwenye jina anatulia kwanza." Ni kweli. Baada ya "Bwana" huwa unanyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Hujui kama unafanya hivyo. Nilimwambia yule mama, "Nilimzoesha hivyo." Nikaenda kukaa.

Sina mawaidha mengi. Nililea watoto kwa hofu kwamba mtu mwingine ataonekana anaweza kuliko mimi, na hofu hiyo ndiyo iliyowaumiza, si umaskini wala wazungu wa kukodiwa. Ukipata watoto, na mtu akatokea mlangoni akasema "lete," mpe. Halafu kaa naye. Mimi nilikuwa nikitoa mtoto na kuondoka.

Kesho mwenye chumba cha Mirontsy atakungoja, na Koko hatakungoja, kwa sababu hathubutu. Mimi siwezi kukuamuru. Nakuomba tu upite kwake kwanza, hata na sanduku lako mkononi. Utamkuta kizingitini. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo anza wewe. Sema "kwezi." Atakuitikia "mbona," na wewe, tofauti na mama yako, utajua kwamba umeitikiwa. Kisha mwambie marahaba. Kwa maana ya kwao. Mimi sikuwahi kumwambia kwa maana yoyote.

Nasikia sauti yako kwa jirani, mnacheka. Nimalize kabla hujaingia.

Siku ile niliyorudi, nilipokuwa nimesimama nje ya mlango wa mbele, pale palipokuwa na mtungi zamani, nilisikia sauti ya Koko ndani. Alikuwa amewalaza kwenye mkeka. Alisema, "Bwana." Kisha akanyamaza. Nikasikia sauti yako peke yake, ndogo, inasema, "Yesu." Ndipo Koko akaendelea: "Kaa mlangoni kwetu." Nanyi mkarudia. Jina lile, yeye Mwislamu, hakuwa na njia ya kulitamka katika sala kama tunavyolitamka sisi, na hakutaka wewe ulikose. Kwa hiyo kila alipofika hapo alikaa kimya, akakuachia nafasi uijaze mwenyewe. "Waliolala uwalinde," akasema. Hapo mama yangu alikuwa akienda moja kwa moja kwenye kesho. Koko hakwenda. Akasema maneno ambayo hayakutoka Muheza, polepole, ili Daudi aweze kuyafuata: "Aliye ng'ambo umrudishe."

Mimi sikukufundisha sala ile, Neema. Alikufundisha Koko, kila siku kwa miezi kumi na minne, na aliye ng'ambo nilikuwa mimi.